Rafiki yangu anataka atolewe kwenye video, na mkasi ninao mimi

Shikamoo Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma mwaka wa pili wa stashahada ya filamu na televisheni hapa Dar es Salaam. Nakuandikia kwa sababu kila nikifungua kompyuta niendelee na kazi, moyo unakataa.

Muhula huu kila kundi lilipewa kazi ya kutengeneza video ya muziki. Sisi tuko watano na mimi ndiye mhariri. Wimbo ni wa mwenzetu mmoja wa kundi. Ameutunga mwenyewe, na studio amelipia kwa pesa aliyodunduliza kwenye vibarua. Una dakika 3 na sekunde 40. Rafiki yangu wa karibu, nitamwita R, hayumo kwenye kundi letu. Nilimwomba mimi aje acheze, maana anajua kucheza kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Siku ya kwanza tulirekodi ufukweni Kigamboni kwa kamera ya chuo. Siku ya pili tulipanda juu ya paa la nyumba moja Magomeni, na kamera ilikuwa zamu ya kundi jingine, kwa hiyo tukatumia simu. Mwimbaji aliimba kiitikio jua likizama, kisha R akacheza peke yake, amevaa dera la njano, nyuma yake matangi ya maji na anga limeiva rangi ya chungwa.

Nilipoanza kuhariri ndipo matatizo yalipotokea. Vipande vya kamera vina fremu (zile picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, vya simu vinasoma 30, na kwenye hivyo vya simu midomo haiendi na wimbo. Mstari wa kwanza wa kiitikio unakaa sawa, lakini ukifika wa nne mwimbaji ameshafunga mdomo na sauti bado inaimba. Nikisogeza picha ili mwisho ukae sawa, mwanzo unaharibika. Nikafanya tulivyofundishwa: midomo ikikukatalia, weka picha nyingine juu yake. Picha nyingine niliyokuwa nayo ni R. Zile fremu zake 30 nikazifanya zichezwe kwa 25, akawa anacheza taratibu kidogo, dera linapepea kama liko majini. Mwalimu alipoona mkato wa awali alisema pale ndipo penye moyo wa video.

Halafu mwimbaji akaweka sekunde chache za R kwenye stetasi yake ya WhatsApp, na kaka yake R akaziona. R analelewa na baba yake mdogo. Ndiye anayemlipia ada, na ni mtu wa dini anayeheshimika sana mtaani kwao. Kaka amemwambia, "Ukiendelea na mambo haya namwambia mzee." R alikuja chumbani kwangu analia, akasema, "Nitoe humo, nakuomba." Akaniapisha nisimsimulie mtu mambo ya kwao. Kesho yake asubuhi akaniandikia ujumbe: "Basi we acha tu, msije mkafeli kwa ajili yangu."

Niliwaambia wenzangu kwamba R hataki tena kuonekana, bila kutaja sababu. Mwimbaji alikasirika sana. Anasema R alisaini fomu ya ridhaa kama wengine wote, na kwamba video ni yake, anataka kuipandisha YouTube ikishasahihishwa kwa sababu ndiyo itakayomfungulia njia. Kiongozi wa kundi ameniambia mimi kazi yangu ni kukata ninachoambiwa. Wawili waliobaki hawataki ugomvi na mtu.

Nikimtoa R, midomo inabaki wazi, kiitikio kinakufa, na mwimbaji atasema nimemharibia ndoto yake. Nikimwacha, naweza kumsababishia rafiki yangu kukatiwa ada. Na kama nilivyosema, mimi ndiye niliyemleta. Zimebaki wiki mbili tukabidhi kazi. Nifanyeje, Mama?

Mhariri wa kundi, Dar es Salaam

MAMA ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kilichonigusa kwanza ni kwamba umewaeleza watu wote kwa haki, hata wale waliokusema vibaya. Hiyo itakusaidia huko mbele.

Nianze kwa kurudisha kwako nilichoelewa, unisahihishe kama nimepotoka. Una rafiki aliyekuja kusaidia kwa sababu ulimwomba wewe, na sasa kuonekana kwake kumemtia hofu ya kupoteza masomo. Una mwenzako aliyeweka akiba yake kwenye wimbo na anaona njia inafungwa. Una kundi linalotaka alama. Na una kiitikio kisichosimama bila huyo rafiki, kwa sababu picha zake ndizo zinazofunika midomo isiyokaa sawa. Hilo la mwisho umelitaja kwa sentensi chache tu, lakini mimi naona ndilo linalofanya mengine yote yaonekane hayana mlango. Kwa hiyo nitaanzia hapo.

Kabla ya kukujibu nilimuuliza mtu ambaye kuhariri video ndiyo riziki yake. Aliposikia mstari wa kwanza uko sawa na wa nne umepotea, hakushangaa. Anasema kungekuwa na tofauti ileile tangu mwanzo hadi mwisho, ungesogeza kipande mara moja yakaisha. Ikiwa inaongezeka kadiri wimbo unavyokwenda, basi kasi zenyewe hazilingani. Na simu nyingi hazishiki fremu 30 kwa uthabiti. Mwanga ukipungua, simu inashusha idadi ya fremu ili kila moja ipate mwanga zaidi, kisha inapandisha tena. Ninyi mlirekodi jua likizama, saa ambayo mwanga unabadilika kila dakika. Programu ya kuhariri inasoma 30 kwenye maelezo yaliyomo ndani ya faili, lakini fremu zenyewe zinapanda na kushuka.

Dawa aliyonipa ni ya bure. Chukua faili za simu, zile za awali uziache kama zilivyo, uzipitishe kwenye programu kama HandBrake na uchague kasi ya fremu isiyobadilika. Kisha ziingize upya kwenye mradi. Sauti ambayo simu ilinasa kutoka kwenye spika siku ile usiifute, kwa sababu mawimbi yake, ile michoro ya sauti unayoiona kwenye programu, ndiyo utakayoyapanga juu ya mawimbi ya wimbo wa studio. Kikibaki kitu kidogo hakijakaa, usihangaike na kiitikio kizima kwa pamoja. Kikate mstari kwa mstari na upange kila mstari peke yake, kwa sababu katika sekunde nne au tano jicho haliwahi kuona tofauti. Unapopanga, tafuta herufi zinazofunga midomo: b, m na p. Mwimbaji akisema "mbali", kuna fremu moja ambayo midomo imegusana kabisa. Ikikutana na sauti ya m, silabi zinazofuata zitajipanga zenyewe. Vokali zitakudanganya, kwa sababu mdomo uliofunguka unafanana na mdomo mwingine uliofunguka.

Utaona pia kwamba ukiweka fremu 30 kwenye mradi wa 25 bila kupunguza kasi, programu inatupa moja katika kila sita. Kwenye uso wa mtu anayeimba amesimama haionekani sana. Kwenye mtu anayecheza ndipo inagutuka, na ndiyo maana mbinu yako ya kupunguza kasi ilimfaa R na isingewezekana kwa mwimbaji.

Sijui kama itakubali kwa asilimia mia. Lakini jaribu hilo kwanza, kabla ya kikao chochote na mtu yeyote. Ulichoniandikia ni kwamba bila R kiitikio kinakufa. Je, umewahi kukiona kiitikio hicho midomo ikiwa imekaa sawa? Nina hakika hujakiona, kwa sababu hakijawahi kuwepo. Huenda ukikiona utasema bado anahitajika. Huenda ukakuta mwimbaji anaweza kukibeba mwenyewe, na hapo mazungumzo na kundi yatabadilika sura.

Sasa tumzungumzie R mwenyewe. Amekuambia mambo mawili yanayopingana, moja kwa machozi na jingine kwa ujumbe wa asubuhi. Ningekusihi usilichague lile linalokurahisishia kazi, na usilichague lile linalokuumiza zaidi ukidhani ndiyo uaminifu. Mkaribishe chumbani, nyie wawili tu, umwoneshe picha zenyewe. Kumbuka kwamba kaka yake aliona sekunde chache zilizokatwa, bila wimbo wote na bila maelezo. R naye huenda hajaiona video yote. Muulize anaogopa nini hasa. Inaweza kuwa ni uso wake. Inaweza kuwa ni kipande kimoja ambacho dera limebana, au ni kuonekana karibu na mwimbaji. Inaweza kuwa hana tatizo na video, ila ana tatizo na YouTube, ambako jirani yeyote anaweza kuifungua. Na inaweza kuwa hataki kuwemo hata kidogo na anaona aibu kukuambia kwa sababu anakupenda. Kila jibu hapo lina mkato wake.

Kuhusu ile fomu, itafute uisome kwa makini. Iliandikwa kwa ajili ya kazi ya darasani, au inataja pia kuchapishwa mtandaoni? Fomu nyingi za vyuo ni karatasi moja isiyosema mengi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imejengwa juu ya wazo kwamba taarifa za mtu zichukuliwe kwa lengo linalojulikana na zitumike kwa lengo hilo. Sikutajii hili ili ukamtishe mwenzako. Nakutajia ili ujue kwamba saini ya siku ile haijamaliza maswali yote, na kwamba kuuliza upya si kuleta vurugu.

Njia naziona kadhaa mbele yako. Hakuna hata moja ambayo haina gharama.

Unaweza kumtoa kabisa. Ndiyo njia safi kuliko zote ikiwa R atasema hataki kuwemo. Gharama yake ni kwamba mwalimu ameshaipenda picha ile na ataiuliza, na mwimbaji ataumia. Ujue pia kwamba kumtoa kwenye mkato wa mwisho hakumtoi kwenye simu za watu. Stetasi hupotea baada ya saa 24, ila aliyeihifadhi anayo, na mkato wa awali, kama ulitumwa kwenye kundi lenu la WhatsApp, upo kwenye simu tano. Kama mnamtoa, semeni kwa pamoja kwamba na hizo zinafutwa.

Unaweza kumbakiza kwa namna ambayo hatambuliki. Kama simu ilirekodi 4K, yaani picha yenye upana na urefu mara mbili ya 1080, na video yenu mnaitoa kwa 1080, unaweza kukuza picha hadi mara mbili bila kupoteza ukali. Humo unaweza kupata miguu juu ya sakafu ya saruji, mikono, pindo la dera, au kivuli chake ukutani. Tena sehemu hizo huweza kuleta hisia kuliko uso. Hatari yake ni kwamba mtu hatambuliwi kwa sura tu. Kaka ameshaliona dera la njano, ameshaliona paa lile, na anaujua mwendo wa dada yake. Unaweza kubadilisha rangi ya dera kwenye programu, lakini ni kazi ya fremu nyingi na ikiharibika inaonekana. Kitu kimoja nakuomba uepuke: usimfunike uso kwa ukungu. Tumezoea kuona hivyo kwenye taarifa za habari za watuhumiwa, na R hakufanya kosa lolote.

Unaweza kutengeneza matoleo mawili, moja la kusahihishwa na mwalimu na jingine la kutoka nje. Wengi wangeikimbilia hii kwa sababu inaonekana inamridhisha kila mtu, na mimi mwenyewe naipenda kiasi. Lakini ipime. Faili likishakuwepo, lina miguu. Likionyeshwa ukumbini siku ya kufunga muhula, ni nani atakayewazuia wenye simu? Ukiichagua, R akubali pia hilo la darasani, mwalimu aambiwe kwamba halionyeshwi hadharani, na toleo hilo libaki kwako na kwa mwalimu.

Unaweza pia kurudia kurekodi. Mwimbaji peke yake, paa lilelile, saa ileile, safari hii kwa kamera ya chuo iliyofungwa kwenye fremu 25, wimbo ukipigwa kwa spika kubwa na kofi moja mbele ya kamera kabla ya kila kipande ili upate alama ya kupangia sauti. Wiki mbili zinatosha kama kamera itapatikana. Huku kwetu karibu na ikweta jua halikawii kuzama, kwa hiyo fanyeni mazoezi mapema, mwanga mzuri ukifika muwe tayari kwenye nafasi zenu. Kama mtafikiria kumtafuta mchezaji mwingine, R asilisikie kwa watu. Anaweza kuomba atolewe na bado akaumia kuona nafasi yake imejazwa haraka.

Na iko ile ya kuacha kama ilivyo, kwa kuwa aliandika "we acha tu". Sitaifuta kwenye orodha, kwa sababu huenda akitulia na kuiona video nzima akajivunia na akataka mwenyewe kuongea na kaka yake. Hutokea. Ila ukiifuata hiyo kwa kutegemea ule ujumbe peke yake, jiulize kama ulikuwa ridhaa au ulikuwa uchovu.

Nije kwa mwimbaji. Unamwona amekuwa mgumu, lakini angalia alichoambiwa: "R hataki tena." Hajui kuna ada hatarini. Hajui kwamba stetasi yake ndiyo iliyowasha moto. Kwa alichokijua, mtu amebadilisha mawazo na akiba yake inaungua. Siri ni ya R na uliapa, kwa hiyo usiivunje. Muulize R ni maneno gani anakuruhusu kuyasema, hata kama ni sentensi moja tu, kwamba nyumbani kwao kuna tatizo kubwa. Watu wengi hulegea wakijua kuna mtu anayeumia, hata wasipoambiwa anaumia wapi. Kisha mkalishe mwimbaji mbele ya kompyuta, umwoneshe kiitikio ambacho midomo yake imekaa sawa na anakibeba mwenyewe. Anayetaka wimbo umfungulie njia anaweza kuupenda mkato unaomweka yeye katikati. Anaweza pia asiupende, na ana haki ya kusema. Ila hilo la "video ni yangu" mlizungumze kwa upole: wimbo ni wake, na video ni kazi ya mikono ya watu watano na mgeni mmoja.

Kiongozi wenu amesema wewe ukate unachoambiwa. Sidhani alikusudia kukudharau. Alama zinamtia presha. Lakini mhariri ndiye mtu wa kwanza kuona picha zote kwa pamoja, na mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua kwamba kitu fulani hakiko sawa kwa mtu fulani. Kulisema hilo mezani ni sehemu ya kazi mnayofundishwa. Ukilisema, usilibebe peke yako. Omba kundi zima liende kwa mwalimu pamoja, mseme kuna mshiriki aliyebadilisha ridhaa yake na mnataka ushauri na, kama inawezekana, siku za ziada. Walimu wa fani hii wameshakutana na mambo ya namna hii. Mambo ya nyumbani kwa R hayahitaji kufika huko.

Bado kuna lile ulilolitaja kama kwa kupita, kwamba wewe ndiye uliyemleta. Nimeliona limekuuma. Ulimwalika rafiki kwenye jambo zuri, akaja kwa hiari, akacheza kwa furaha. Hakuna aliyejua kwamba kipande kingetoka kabla ya wakati. Usiliache hilo likusukume kuamua haraka ili maumivu yaishe, kwa upande wowote ule.

Kwa leo, nakili mradi wote na faili zote za awali kwenye diski nyingine, kisha ufanye kazi kwenye nakala. Watu wakikasirika, mafaili hufutika, na siku R atakapokuambia anachotaka utahitaji kuwa na kila kitu mkononi. Ukishakaa naye, niandikie alichokisema alipoiona video nzima, na kama midomo imekubali.